Samaki Aliyefungwa Mdomo kwa Uzi

Kwa karibu miaka mitatu nilikuwa na robo saa yangu kila asubuhi redioni. Ilikuwa redio ndogo ya Njombe mjini, ghorofa ya kwanza ya jengo ambalo chini yake waliuza mbolea na mbegu za viazi. Studio yetu ilikuwa chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Mwezi wa saba baridi ilipenya mpaka humo ndani. Nilitangaza nimevaa koti na kofia ya sufu, mikono imezunguka kikombe cha chai.

Kipindi changu kilikuwa cha maajabu. Sisemi miujiza ya mahubiri. Nilikuwa nawapa watu mambo ya viumbe, ya sayansi na ya watu wa kale, yale ambayo ukimwambia mtu anasimamisha kijiko hewani. Kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kwamba mlanzi, ule mwanzi unaogemwa pombe ya ulanzi, si mti bali ni nyasi, ndugu wa mahindi na ngano. Siku niliyosema hilo, simu za kutoka Yakobi zilifuatana mpaka muda ukaisha, kila mtu anataka kujua nyasi gani inajenga uzio. Nilisema viazi mviringo, ambavyo sisi tunaviona kama vilizaliwa nasi, vilivuka bahari kutoka Amerika. Mzee mmoja alipiga kunishukuru, akasema amelima viazi maisha yake yote bila kujua kwamba ni wageni.

Watu walianza kuniita profesa. Sokoni, kituo cha mabasi, kanisani baada ya ibada. "Kamwene, profesa!" Nami nilijibu "Kamwene" huku shingo imenyooka. Ni lazima niseme kwa nini jina lile liliniingia kichwani kuliko pombe. Mimi nilisoma masomo ya sayansi mpaka kidato cha sita, na nikafeli. Baiolojia, somo nililolipenda kuliko yote, ndilo lililonifelisha vibaya zaidi. Nilirudi nyumbani Makambako, nikakaa miaka miwili nikimsaidia mama kwenye kibanda chake cha chakula karibu na stesheni ya reli, nikikwepa macho ya walimu wangu wa zamani walipokuja kula. Kwa hiyo mtu mzima mwenye heshima zake aliponiita profesa, nilijua kabisa kwamba ni utani, lakini kuna mahali ndani yangu paliitika kama jina halisi.

Na maajabu yenyewe niliyatoa wapi? Kwenye simu. Kulikuwa na kurasa za Kiingereza zinazotoa mambo kama hayo kila siku, na picha zake. Nilitafsiri jioni, nikaandika kwenye daftari, asubuhi nikasoma kwa sauti nzito. Sikuwahi kuuliza nani aliyaandika wala alijuaje. Nilisoma kwamba binadamu hutumia sehemu ndogo tu ya ubongo wake, jambo ambalo si kweli. Nilisoma kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Siku hiyo mkulima mmoja wa miti kutoka Kifanya alipiga simu, akasema kwa upole, "Samahani mtangazaji, shambani kwangu kuna kilima, imepiga mara mbili, mwaka huu na mwaka juzi." Nikamwambia labda mara ya pili ilipotea njia. Fundi mitambo, kijana mwenzangu aliyekaa upande wa pili wa kioo, alicheka mpaka akagonga meza. Yule mkulima naye alicheka kidogo, kwa adabu, akakata simu. Alikuwa sahihi yeye.

Basi, yule mama wa ziwani alipopiga simu, nilikuwa tayari nimeshazoea kuchekesha watu kwa kutumia watu.

Ilikuwa asubuhi ya mada ya wazazi katika wanyama. Nilikuwa nimeeleza habari za ndege mmoja wa nchi za barafu ambaye baba ndiye anayeatamia yai juu ya miguu yake. Nikafungua laini ya simu. Ikaingia sauti ya mwanamke mtu mzima, nyuma yake kuna upepo na kuku.

"Shikamoo, mama. Unatupigia kutoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niko huku Ludewa, chini huku ziwani. Nakusikiliza kila siku. Leo na mimi nina langu."

"Karibu sana, mama. Tuambie."

"Sisi huku tuna samaki, magege. Huyu mama yake, akitaga, mayai anayaweka mumlomo. Wanatotolewa humo humo. Wanakaa mumlomo mwa mama, wadogo hivi, hata kula yeye hali. Akiwatoa watembee, wakiona hatari wanarudi wote mbio, wanaingia, anafunga."

Alisema "mumlomo", kama wanavyosema kwao, badala ya mdomoni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mtu aliyejifunza akiwa mkubwa, kinachotembea kwa tahadhari. Na mimi, niliyezaliwa na mama asiyeongea Kiswahili vizuri zaidi ya yeye, nilisikia hilo kwanza kabla ya kusikia alichokuwa anasema.

"Mumlomo?" nikarudia, nikiiga lafudhi yake. Fundi akaanza kutikisika nyuma ya kioo.

"Ndiyo, mwanangu. Mumlomo."

"Mama," nikasema, "ulimvua, ukamfungua mdomo, ukakuta samaki wadogo ndani?"

"Mara nyingi sana."

"Basi mama, huyo hakuwa analea. Huyo ulimkuta mezani!"

Fundi aliminya kitufe cha vicheko. Tulikuwa na kitufe cha namna hiyo, kinatoa kelele za umati unaocheka. Umati ule ulicheka, mimi nikacheka, na katikati ya kelele nikasikia sauti yake inasema, "Hapana, mwanangu, sikiliza," kisha fundi akaweka muziki. Simu ilikatwa. Sikuikata mimi, lakini niliona ikikatwa, nikainua dole gumba.

Wiki ile ile fundi alikata kipande kile akakisambaza kwenye makundi ya simu. Kikazunguka Njombe, kikafika Makambako kwa madereva wa malori, kikapanda mpaka sijui wapi. Mtu akidanganya, watu wanamwambia, "Huyo ulimkuta mezani!" Mume akirudi kuchelewa na sababu zake, mkewe anamwambia hivyo hivyo. Meneja alifurahi. Tukakitia kwenye kionjo cha kipindi: sauti yake ikisema "mumlomo", yangu ikijibu, halafu umati. Kila asubuhi kabla sijaanza, yule mama alichekwa upya.

Yapata majuma matatu baadaye nilikuwa hewani. Wimbo ulikuwa unapigwa, zimebaki dakika mbili. Dada wa mapokezi akafungua mlango kidogo.

"Kuna mama amekuja kukuona. Anatoka ziwani, Ludewa. Ana ndoo."

Nilisimama nikachungulia kupitia kioo cha mlango wa korido. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, mwanamke mwembamba wa umri wa mama yangu, amevaa kitenge na sweta jepesi, miguuni kandambili. Huko kwao ni joto. Njombe asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujaondoka barabarani. Alikuwa anatetemeka. Miguuni pake kulikuwa na ndoo ndogo ya rangi, yenye mfuniko, imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi.

Nilimjua kabla hajaongea. Na niliogopa. Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini, kwa sababu hakuonekana mtu wa ugomvi. Nadhani niliogopa kwamba alikuwa amekuja na ushahidi.

"Mwambie nimesafiri," nikasema.

"Umesafiri?"

"Kikazi. Sijui nitarudi lini. Mwambie."

Dada yule aliniangalia, akaondoka. Wimbo ukaisha. Nikakaa, nikavaa vipokea sauti, nikafungua maikrofoni, nikasema kwa furaha yangu ya kila siku, "Naam, wapenzi wasikilizaji, bado tuko pamoja moja kwa moja kutoka studio zetu hapa Njombe mjini!"

Nilikuwa nimesahau kwamba mapokezi kuna spika. Ipo ukutani, juu kidogo ya lile benchi, na matangazo yetu hutoka humo siku nzima ili wageni wasichoke kusubiri.

Dada wa mapokezi alinisimulia baadaye, bila kuniangalia. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumwambia kwamba nimesafiri. Sauti yangu ikatoka juu ya kichwa cha yule mama. Mama akainua macho kwenye spika. Akasikiliza. Alisikiliza mpaka nikamaliza habari yote ya siku hiyo, ambayo ilikuwa ya asali, kwamba haiozi. Kisha akasimama, akaisukuma ile ndoo kwa mguu karibu na meza, akasema, "Akirudi safari, mpe." Akaomba kuonyeshwa njia ya kituo cha mabasi.

"Hakukasirika?" nilimuuliza dada.

"Afadhali angekasirika," akanijibu.

Niliifungua ile ndoo nyuma ya jengo, karibu na bomba. Ndani kulikuwa na chumvi ya mawe, nyingi, na katikati ya chumvi samaki mmoja wa ukubwa wa kiganja na nusu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea, umezungushwa mara nyingi na kupigwa fundo dogo zuri. Kwanza sikuelewa uzi ni wa nini. Nilidhani ni mambo ya kishirikina, nikarudi nyuma hatua moja. Halafu nikaelewa. Alifunga ili wasidondoke.

Nikakata uzi kwa wembe, nikaufungua mdomo wa yule samaki kwa kidole gumba. Walikuwa humo. Wamepangana, wembamba kama vipande vya kucha, kila mmoja na macho mawili meusi. Hawakuwa wametafunwa. Hawakuwa kooni wala tumboni. Walikuwa wamelala mdomoni mwa mama yao kama watu waliofungiwa nyumbani.

Fundi alikuja na sigara yake, akachungulia. "Ah, si kala tu wenzake," akasema, akaondoka.

Nilitoa simu mfukoni, ile ile niliyokuwa natolea maajabu. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai. Yote yalikuwa yameandikwa: samaki wa jamii ile, mama kubeba mayai mdomoni, kukaa na njaa kwa siku nyingi, watoto kukimbilia ndani wakiona hatari. Na kwamba Ziwa Nyasa lina samaki wengi mno wa tabia hiyo, na watu wa mbali huvuka bahari kuja kuwaangalia. Kila neno alilosema yule mama lilikuwa pale, kwa Kiingereza.

Mtu mwema angerudi ndani akafungua maikrofoni. Mimi nilimwita mfanya usafi, nikamwambia amtupe yule samaki kwenye shimo la taka, na ndoo aioshe aitumie kupigia deki.

Sijafika bado kwenye jambo baya kuliko yote. Nilikaa kimya mwezi mmoja hivi. Kisha asubuhi moja daftari langu lilikuwa tupu, mada zimeniishia, na muda umefika. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Je, mpenzi msikilizaji, unajua kwamba hapa hapa kwetu, katika Ziwa Nyasa, kuna samaki anayelea watoto wake mdomoni?" Nikaeleza yote. Nilieleza vizuri, kwa mapozi. Nikasema wataalamu wamegundua. Ndivyo nilivyosema: wataalamu wamegundua. Sikumtaja mama yeyote. Simu zikamiminika. Mwalimu mmoja alisema ataenda kuwafundisha wanafunzi wake siku hiyo hiyo. Watu walinisifu, nami nikapokea.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Makambako. Mama alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa sare ya kwaya ya kina mama, anamenya viazi. Alikuwa ananisikiliza kila siku kibandani kwake. Wateja wake walijua kwamba profesa ni mwanawe. Nilikaa kwenye kigoda. Akamenya viazi viwili vitatu.

"Yule samaki uliyemsema wiki hii," akasema, "si ni yule wa yule mama?"

"Mama yupi?"

Aliacha kumenya. "Unaniuliza mimi mama yupi? Yule uliyemcheka. Kila asubuhi unamcheka kabla ya kipindi."

"Ni huyo," nikasema.

"Kumbe alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, lakini alikuwa ananiangalia. Nikamwambia habari za simu, za ndoo, za spika, za uzi. Nilipofika kwenye spika aliweka kisu chini.

"Mimi ningekuja hapo kwenu," akasema, "na Kiswahili changu hiki, na ndoo yangu, ungesafiri pia?"

Alichukua kisu akaendelea na viazi vyake, na hakuniambia niende wala nisiende. Hakunipa chakula mpaka wateja wote walipokwisha kula, jambo ambalo hakuwa amewahi kunifanyia.

Nilikwenda Jumamosi. Basi mpaka Ludewa, nikalala huko kwa jamaa wa rafiki yangu, asubuhi nikatafuta pikipiki ya kunishusha ziwani. Barabara inateremka kwa kona, joto linapanda kadiri unavyoshuka, nikavua koti, halafu sweta. Dereva aliniuliza namtafuta nani. Nikasema simjui jina, ni mama mmoja anauza samaki, aliwahi kupiga simu redioni.

"Mama Mezani!" akasema, akicheka. "Yule wa 'ulimkuta mezani'!" Akaisema kwa sauti yangu. Aliniiga vizuri kabisa, mpaka ule mkwaruzo wangu wa mwishoni. Hakujua amembeba nani. Nilishika chuma cha nyuma ya pikipiki mpaka tukafika.

Alikuwa ufukweni anaanika usipa, wale dagaa wa ziwa lile, juu ya vichanja vya mianzi. Nilisimama upande wa pili wa kichanja.

"Shikamoo, mama."

Mikono yake ilisimama. Hakuinua uso. "Marahaba. Sauti naijua," akasema. Akaendelea kutandaza. "Umerudi safari?"

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Ndoo yangu umekuja nayo?"

Nilikuwa nimemletea mkate, sukari na kitenge. Ndoo yake ilikuwa Njombe, chooni, na tambara la deki ndani yake.

"Hapana, mama."

"Haikuwa yangu. Niliazima kwa jirani. Kila siku ananiuliza."

Nikasema nitaileta. Nikaanza maneno yangu, niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, kwamba nilikosa, kwamba nilimdharau, kwamba alikuwa sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikifanya kazi. Kisha akapangusa magamba kwenye kanga yake na kwa mara ya kwanza akaniangalia.

"Unafikiri niliumia kwa kuchekwa," akasema. "Niliumia, siwezi kusema uongo. Sokoni waliniita jina. Lakini mimi nimechekwa mengi. Unajua kwa nini nilipiga simu?"

"Ulitaka kutuambia maajabu ya huku."

"Hapana. Wanaume wa hapa, nimewasema muda mrefu. Nawaambia, ukivua magege jike, mtazame shavu. Likiwa limejaa, mrudishe. Ukimchukua mmoja umechukua ukoo. Wengine walianza kunisikia. Wachache, lakini walianza. Nikasema, nikipiga redioni, profesa akisema ni kweli, watasikia wote." Akaelekeza kidevu kwenye mitumbwi iliyovutwa mchangani. "Sasa nikiwaambia, wananijibu, mama, wako mezani hao. Redio imesema."

Nilimwambia kwamba nilishasema redioni, hivi karibuni, kwamba ni kweli.

"Nilisikia," akasema. "Wataalamu wamegundua."

Upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani na mimi nilitamani unibebe niende nao.

"Na yule niliyekuletea," akaendelea, "mimi huwa namrudisha huyo. Miaka yote, akinifikia mkononi namrudisha. Yule nilimfunga mdomo akiwa mzima, na wanawe ndani, ili wewe uone. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukamfanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Sehemu yangu moja ilikuwa tayari imeshaandaa uongo, kwamba tulimhifadhi kwenye chupa. "Nilimtupa," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha jambo alilolijua. "Mkate na sukari nitapokea, kwa sababu umetoka mbali," akasema. "Kitenge rudi nacho kwa mama yako. Na hayo ya radhi usiniambie mimi hapa peke yangu, na dagaa. Yaseme kule uliposemea yale mengine."

Alinipa maji ya kunywa na akamwita jirani anitafutie pikipiki ya kurudi. Hakunisindikiza.

Jumatatu nilimweleza meneja. Alisema redio haiombi radhi kwa sababu ya samaki, na kwamba kionjo kinapendwa, tusikiguse. Nikamwambia nitasema hata hivyo. "Basi iwe fupi," akasema, "na usiitaje redio." Nilipoingia studio nilimwomba fundi asiguse kitufe chochote mpaka nimalize. Alidhani natania.

Nilisema kila kitu. Nilisema kulikuwa na mama wa ziwani aliyetuambia ukweli na mimi nikamcheka, nikaiga lugha yake, na nilipopata kujua kwamba ni kweli nikajificha, halafu nikauiba ukweli wake nikasema ni wa wataalamu. Nilisema kuhusu jike lenye shavu lililojaa, kwamba lirudishwe majini, na kwamba hilo ni agizo lake, si langu. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nilitegemea nini nilipofungua simu? Sijui. Simu ya kwanza ilikuwa ya mtu wa Makambako aliyeniomba nimpigie wimbo. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyesema, "Profesa, na wewe leo tumekukuta mezani!" akacheka peke yake, kwa sababu fundi hakuweka umati. Ya tatu haikuja.

Ndoo niliisugua kwa mchanga na sabuni, nikaituma kwa basi la Ludewa, kwa yule jamaa niliyelala kwake, aifikishe ziwani. Kionjo kile tulikitoa, lakini msemo haukutoka. Upo mpaka leo. Juzi nimeusikia kwa mtoto wa shule ambaye nadhani hajui ulitoka wapi, na nilisimama barabarani nikitaka kumweleza, nikaona nitaanzia wapi.

Kwenye kipindi nilianza kufanya kitu kingine. Nilipitia daftari zangu za miaka yote, nikatafuta kila nililowahi kusema, na kila nilipokuta uongo niliusahihisha hewani. Ulikuwa mwingi kuliko nilivyofikiri. Nilimtafuta yule mkulima wa Kifanya, nikamsahihishia radi yake, naye akasema alishasahau, jambo ambalo sikuliamini. Wasikilizaji walichoka. Hakuna mtu anayetaka kuamka kusikia kwamba alilofurahia mwaka jana si kweli. Meneja alivumilia miezi miwili, kisha robo saa ile akampa dada mmoja anayesoma salamu za sikukuu za kuzaliwa. Mimi nikahamishiwa matangazo ya vifo na mikutano, na ndiyo kazi yangu mpaka sasa. Nayafanya kwa makini. Kabla ya kusoma jina la marehemu napiga simu kwa familia kuuliza linavyotamkwa.

Mwaka huu, mwezi wa tano, dada wa mapokezi aliniambia kuna mwanamke alipiga simu ya ofisi, si ya hewani. Aliuliza kama yule mtangazaji wa zamani wa maajabu bado yupo.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia yupo. Nikamuuliza anataka kuongea nawe, akasema hapana, alitaka kujua tu. Nyuma kulikuwa na upepo mwingi."

Alinipa namba. Nilishuka chini, nikasimama kando ya magunia ya mbolea, nikapiga. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Haikupokelewa. Nimeihifadhi kwenye simu bila jina, kwa sababu mpaka leo jina lake la kweli silijui. Siku ile ufukweni sikumuuliza.